Mwanafunzi wa Historia Si Kasuku

Mwenye kupita jioni katika mitaa ya Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Tandale, majuma machache kabla ya mitihani ya kidato cha nne, husikia sauti za vijana wetu wakijisomea. Hukaa barazani, daftari mkononi na macho yamefumbwa, wakirudia kwa sauti sababu za wakoloni kuja Afrika, ya kwanza, ya pili, ya tatu; kisha matokeo ya Vita vya Maji Maji, la kwanza, la pili, la tatu. Mpita njia hufurahi moyoni na kusema kuwa taifa lina wasomi. Nami nilikuwa miongoni mwa wenye kufurahi, mpaka jioni moja nilipomwuliza kijana wa jirani yangu swali dogo.

Kijana yule alikuwa amekwisha nitajia sababu saba za Vita vya Maji Maji, wala hakukosea hata moja. Nikamwambia, "Vyema, mwanangu. Sasa nieleze, katika hizo saba, ipi iliyokuwa nzito kupita zote? Nawe umejuaje?" Akanitazama kwa mshangao, kisha akajibu kwa adabu, "Mzee, hilo halimo katika notsi."

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Simlaumu kijana, kwani alikuwa mwerevu na mwenye bidii. Naulaumu mtindo tuliomlea nao. Nasema bila kuuma maneno kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita somo la historia katika shule zetu si historia. Ni mazoezi ya kumfundisha mtoto wa mtu kazi ya kasuku. Kasuku hutamka vizuri, lakini hajui anachokisema, na wala hawezi kukataa anapofundishwa uongo.

Historia na jalada

Nimefanya kazi ya serikali kwa miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo niliipitisha masjala. Karani wa masjala hafundishwi falsafa, ila hufundishwa jambo moja ambalo laiti lingefundishwa katika kila darasa la historia. Barua ikifika mezani pake hujiuliza: imeandikwa na nani? Lini? Kwenda kwa nani? Mwandishi alitaka nini? Je, kuna barua nyingine jaladani inayoikubali au inayoipinga hii? Barua isiyo na tarehe wala sahihi humtia shaka, na barua yenye sahihi ya mkubwa haimwondolei wajibu wa kuilinganisha na zilizotangulia. Jalada lenye upande mmoja wa maneno ni jalada lenye upungufu, na anayetoa uamuzi kwa kulitegemea huja kujuta.

Hiyo ndiyo historia. Mambo yaliyopita yamekwisha kupita. Hakuna awezaye kuyarudisha. Tulichonacho ni mashahidi: maandishi, magofu, majina ya mahali, masimulizi ya wazee, nyimbo na tenzi. Mashahidi hao hawasemi kwa sauti moja. Mmoja ameona kidogo, mwingine ameficha, wa tatu amesikia tu kwa mwenzake. Kazi ya mwanafunzi wa historia ni kuwahoji, kuwapima, kisha kusimama na kusema: kwa ushahidi huu, naona hivi. Asiyefanya kazi hiyo huwa amepokea hukumu ya mtu mwingine pasipo kuisikiliza kesi.

Nirudi kwenye Maji Maji ambayo kijana wangu aliyakariri. Vita vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Je, ni watu wangapi waliokufa hadi vita vilipokwisha mwaka 1907? Hesabu iliyotolewa upande wa Wajerumani ilikuwa watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kasuku huchagua tarakimu moja, akaikariri na kuishia hapo. Mwanafunzi wa historia huuliza kwanza: hesabu hizi zimepishana hivi kwa nini? Nani aliyehesabu, na alihesabu wafu gani? Hapo ndipo atakapogundua kwamba waliouawa kwa risasi ni sehemu tu ya maiti. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi mno, wakiwamo watoto na vikongwe ambao hawakushika silaha. Katika swali moja la tarakimu, mwanafunzi huyo amejifunza namna vita vilivyopiganwa. Kasuku bado anakariri.

Tazama pia mashahidi wa vita hivyo. Yuko Gavana Götzen, aliyeandika kitabu chake mwaka 1909. Lakini huyu alikuwa mtawala ambaye nchi iliasi mikononi mwake, na mtawala wa namna hiyo ana sababu ya kutafuta kosa kwingine kokote isipokuwa katika utawala wake. Yuko Abdulkarim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga utenzi juu ya vita hivyo, ukachapishwa mwaka 1957. Lakini naye alikuwa mtu wa mji wa pwani, na hatuna budi kuuliza mambo ya bara yalimfikia kwa njia gani. Wako, hatimaye, wazee waliohojiwa mwaka 1968, wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichokuwa hapa Dar es Salaam walipotumwa vijijini kuandika masimulizi ya walioviona vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Hao nao walisema baada ya zaidi ya miaka 60 kupita, nchi ikiwa imekwisha kujitawala, na kumbukumbu ya mtu huchanganyika na mambo ya baadaye. Hakuna shahidi hata mmoja wa kutupwa, wala hakuna wa kusadikiwa macho yamefumbwa. Nami kama mtunzi wa mashairi naongeza kwamba utenzi si pambo la kusomewa wageni siku ya sherehe. Utenzi ni hati, na unastahili kuhojiwa kama hati.

Dunia iko mlangoni petu

Wapo wanaodhani kuwa historia ya dunia hukaa mbali, huko Ulaya, na kwamba mtoto wa Temeke ataifikia kwa kitabu tu. Si kweli. Namwalika mwalimu yeyote wa Kinondoni awachukue wanafunzi wake hadi Kunduchi. Huko yapo magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, ambayo nguzo zake zilipambwa kwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Awaulize wanafunzi: sahani hizi zatuambia nini?

Mwenye pupa atajibu mara moja, "Wachina walifika Kunduchi." Huenda akakumbuka kuwa merabu za Zheng He zilifika Mogadishu na Malindi, akaona amekwisha kushinda. Hapo mwalimu asiseme ndiyo, wala asiseme siyo. Awaambie wahesabu. Safari za Zheng He zilianza mwaka 1405 na kumalizika mwaka 1433. Makaburi ni ya karne ya 18. Kati ya safari ya mwisho na kaburi la kwanza kuna zaidi ya miaka 260. Mwanafunzi mwingine atainua mkono na kusema kuwa sahani yaweza kuwa kuukuu kuliko kaburi. Naam! Huyo ameanza kufikiri. Wa tatu atasema kuwa bidhaa hupita mikono mingi: yaweza kutoka China hadi India, kutoka India hadi Arabuni, na kuletwa hapa kwa jahazi na mtu ambaye China hakuiona hata ndotoni. Mwishoni watakubaliana kwamba sahani inathibitisha biashara, inathibitisha kuwa watu wa Kunduchi walikuwa na uwezo wa kununua na ladha ya kuchagua, lakini haithibitishi kuwa Mchina alikanyaga mchanga wa Kunduchi. Somo hilo la saa moja lina faida kupita kurasa kumi za kukariri.

Sasa tutoke Kinondoni, tuvuke mji hadi Temeke, mpaka stesheni ya TAZARA. Maelfu hupita hapo kila siku ndani ya daladala, na stesheni wanaiona kama waonavyo mbuyu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Reli ile ina urefu wa kilometa 1,860, kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Mkataba wake ulitiwa sahihi Beijing mwezi wa Septemba 1967. Ujenzi ulianza mwaka 1970, ukamalizika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Wataalamu wake zaidi ya 60 walifia kazini, na makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto.

Swali la mtihani litauliza: ni sababu zipi zilizofanya reli ya TAZARA ijengwe? Kasuku ataandika hivi: "Sababu ya kwanza ni shaba ya Zambia. Sababu ya pili ni uasi wa walowezi wa Rhodesia. Sababu ya tatu ni urafiki wa China." Kila neno ni kweli, lakini insha haipo. Ni kama fundi aliyemwaga chini matofali, mchanga na saruji, akamwambia mwenye kiwanja, "Nyumba yako hiyo."

Mwanafunzi wa historia atafanya vingine. Ataandika, kwa mfano, hivi: "Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia, ambayo ilitegemea reli ya kupitia kwao kusafirisha shaba, ilijikuta mikononi mwa adui. Hata hivyo tendo hilo haliwezi kuwa chanzo cha wazo la reli, kwa kuwa Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kuupima na kuukataa mpango huo mwaka 1964, naye Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965, miezi tisa kabla ya tendo lenyewe, na habari ya reli ikazungumzwa. Uasi wa walowezi, kwa hiyo, haukuzaa wazo. Uligeuza haja kuwa dharura." Lione neno "hata hivyo" linavyofanya kazi. Yaone maneno "kwa hiyo". Tarehe tatu zimepangwa, na katika mpangilio wake umetoka uamuzi ambao haukuandikwa katika notsi za mtu.

Kisha mwanafunzi huyo ajiulize swali la mizani: katika sababu hizi, ni ipi ambayo lau isingekuwapo reli isingejengwa? Tena aendelee: China ilitoa fedha hizo kwa urafiki mtupu, au ilikuwa pia ikishindana na mataifa ya magharibi na Urusi ya Kisovieti kutafuta marafiki duniani? Jibu laweza kuwa yote mawili. Kulitambua hilo si kumkosea adabu rafiki. Ni kumheshimu kama taifa lenye akili na maslahi yake, kama sisi tulivyokuwa na yetu.

Insha si mgeni kwetu

Nasikia ikisemwa kuwa insha ya namna hii ni mtindo wa Kizungu ambao watoto wetu hawana asili nao. La hasha! Ni nani asiyejua malumbano ya washairi katika magazeti yetu? Mmoja hufunga fumbo, mwingine hulifungua, wa tatu hupinga wote wawili; na kila mmoja hana budi kuitaja hoja ya mwenzake kabla ya kuivunja, la sivyo wasomaji humcheka. Ni nani asiyejua baraza la usuluhishi, ambapo mzee husikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akauliza kuhusu mashahidi, ndipo akatoa neno? Insha ya historia ni baraza lililoandikwa. Ina dai, ina ushahidi, ina pingamizi lililosikilizwa kwa haki, na ina hukumu.

Hata ufundi wa shairi unatufaa. Ubeti mmoja hubeba wazo moja lililokamilika, na kituo hurudi kuwakumbusha wasikilizaji jambo kuu. Aya ya insha nayo ibebe wazo moja, na kila aya irudi kulihudumia dai la mwandishi. Aya isiyolihudumia dai ikatwe, hata kama imeandikwa vizuri. Tena pasiwe na utangulizi ule wa kuazima, unaoanza kila insha kwa kueleza maana ya neno "historia", kana kwamba msahihishaji hakuwahi kulisikia. Mwandishi aingie nyumbani, aseme alichokuja kukisema.

Visingizio

Najua nitajibiwa. Walimu watasema kuwa madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kusahihisha insha za watoto wote kila juma. Nakubali kuwa mzigo ni mzito. Lakini sikusema ziwe insha kumi. Insha moja kwa mwezi, ya aya nne, iliyosahihishwa na wanafunzi wenyewe wawili wawili chini ya usimamizi wa mwalimu, hufaa kuliko kurasa mia za kunakili kutoka ubaoni. Watasema pia kuwa mtihani unataka orodha. Basi na watunga mitihani nao waisikie lawama hii: swali lisemalo "taja" huzaa kasuku, na swali lisemalo "je, unakubali?" huzaa mtu.

Wengine watasema kuwa kizuizi ni lugha. Hapa wana haki kubwa. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kiingie katika shule za sekondari kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa vizazi vizima kijana wetu ametakiwa apime ushahidi kwa lugha ambayo kuombea maji tu humtoa jasho. Ni ajabu gani basi akikimbilia kukariri? Sera ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango, na sasa somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa lugha yetu. Nalipongeza. Lakini tusijidanganye: kasuku hujifunza kila lugha. Tukiichukua orodha ile ile ya sababu saba tukaitafsiri, tutakuwa tumembadilishia kasuku tundu tu.

Wako, mwisho, wanaonong'ona kuwa kuwafundisha vijana kuhoji ni kuwafundisha utovu wa adabu, na kwamba historia ya taifa ni ya kuenziwa, si ya kudadisiwa. Hawa ndio ninaowapinga kwa nguvu zote. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjengee kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa kisichomfaa, na imani ya kujiamini. Naye hakuishia kuwahubiria wengine. Mwaka 1977, katika maandishi yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikaa akaorodhesha yaliyofaulu na yaliyoshindikana, akakiri kuwa Tanzania ilikuwa bado haijawa nchi ya ujamaa wala ya kujitegemea. Ikiwa mwenye kuliongoza taifa aliweza kuipima kazi yake mwenyewe hadharani, mwanafunzi wa kidato cha tatu atakatazwaje kuupima mpango wa kuwahamishia watu vijijini wa miaka ya 1973 hadi 1976, akauliza ulileta nini na uligharimu nini? Taifa linalopendwa na watu wasiolijua linapendwa kwa mazoea tu, na mazoea ni kamba mbovu.

Hatari haiko katika mtihani peke yake. Leo kila kijana wa Mbagala ana simu au ana rafiki mwenye simu, na kila siku humfikia picha kuukuu zenye maelezo ya uongo, maneno ambayo hayati fulani hakuyasema kamwe, na hadithi za kabila hili kudhulumiwa na kabila lile. Mwenye kuzoea kumeza notsi atameza na hayo. Mwenye kuzoea kuuliza "nani amesema, lini, na amejuaje?" atasita kabla ya kumpelekea jirani sumu. Kuuliza si ujinga. Kuuliza ni ulinzi wa nchi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kinondoni na Temeke, na wa kila wilaya: kwa kila mada chagueni swali moja na mashahidi watatu, muwaache watoto wabishane. Wapelekeni Kunduchi. Wapelekeni Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama. Watumeni kwa babu na bibi zao, wawaamkie, wakae chini, wawaulize mtaa wao ulikuwaje kabla ya nyumba hizi kujengwa, kisha wakalinganishe waliyoambiwa na waliyoambiwa wenzao. Nanyi vijana, msiogope kuandika sentensi isiyomo katika notsi, maadamu mna ushahidi wa kuishikilia.

Yule kijana wa jirani yangu alirudi baada ya siku nne. Akaniamkia, akakaa, akafungua daftari. "Mzee," akasema, "nimefikiri. Naona ni ile pamba ya kulazimishwa, kwa sababu huko Umatumbi ndiyo waliyoing'oa kwanza. Lakini sijui kama na Songea ilikuwa hivyo hivyo." Nikamwambia kuwa hapo kwenye "lakini" ndipo insha yake ianzie.